Uzi: Antena nne za kupokelea, kisanduku kimoja cha swichi, na zote zinasikia kitu kimoja. Kasoro iko kwenye erthi?

Msikilizaji wa Bwejuu

Assalamu alaykum nyote. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limenishughulisha tangu mvua za vuli zilipokatika.

Kiwanja changu kiko Bwejuu, kiasi cha hatua mia tatu kutoka ufukweni, juu ya jiwe la matumbawe ambalo kwa sehemu kubwa halina udongo hata wa kushika shina la muhogo. Nina leseni ya redio ya ridhaa, na hamu yangu kubwa ni masafa ya chini, yaani 1.8, 3.5 na 7 MHz, ambako kurusha kuna taabu yake lakini kusikia ndiko kunakomshinda mtu. Kwa sababu hiyo nimetenganisha antena ya kurushia na antena za kupokelea.

Za kupokelea ni nne kwa hesabu ya swichi. Mbili ni waya mrefu wa aina ya Beverage, kila mmoja mita 160; wa kwanza unaelekea nyuzi 320 za dira, ambako Ulaya na Marekani zinapatikana kwa pamoja, na wa pili unaelekea nyuzi 55 kwa ajili ya Japani. Nimezitundika juu ya boriti za mkoko kwa urefu wa mita mbili na nusu, kwa kuwa akina mama wanaokwenda kwenye mwani hupita hapo na mizigo kichwani, na sikutaka kusababisha ugomvi na majirani. Nyingine mbili ni vitanzi vya waya vya aina ya K9AY (jina la redio la aliyevibuni) vilivyopishana kwenye nguzo moja ya karibu mita nane.

Kebo zote ni za dishi, RG-6 za ohm 75. Zinakutana kwenye kisanduku cha rilei za gari, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, chini ya mvinje, na kutoka hapo kebo moja ya mita 60 inaingia nyumbani. Nyavu za nje za kebo zote nimezibana kwenye ubao mmoja wa shaba ndani ya kisanduku, na ubao huo umeungwa na nondo ya erthi ambayo, baada ya nusu siku ya mtaimbo, ilikubali kuingia sentimita 60 tu. Antena yoyote isiyotumika, rilei inaipeleka kwenye ubao huohuo. Erthi za antena zenyewe nazo nimezifikisha hapo kwa waya mnene.

Tatizo ni kwamba nikigeuza swichi kutoka nyuzi 320 hadi 55, kituo cha Ulaya kinashuka desibeli tatu, pengine nne, na kelele haibadiliki hata chembe. Vitanzi vya K9AY ni vivyo hivyo: havina upande kiziwi wowote. Je, antena isiyotumika inafaa ipelekwe kwenye erthi, iachwe ikielea, au ifungwe kwa rezista? Na je, nondo moja inatosha, au kila antena iwe na yake?

Kaskazi Arubaini

Wa alaykum salaam. Maalim, hapo umefanya inavyopaswa, ila nondo yako ni fupi. Katika kazi za umeme wa majumbani tunafundishwa kwamba erthi zote zikutane mahali pamoja, na kadiri waya unavyokuwa mnene ndivyo mambo yanavyotulia. Ongeza nondo mbili tatu kando ya ile ya kwanza, uziunge zote kwenye ubao wako, kisha utuletee habari. Antena isiyotumika lazima ikae kwenye erthi, la sivyo itaendelea kunong'ona.

Binti Wete

Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Maalim wa Bwejuu, kabla hujapiga mtaimbo mara ya pili, naomba tutenganishe kwanza mambo ambayo neno hili moja, erthi, limeyakusanya, kwa sababu nahisi ndimo kisa chako kilimojificha.

Kuna erthi ya kuokoa maisha na nyumba, ambayo kazi yake ni kuupitisha mkondo wa radi na mkondo wa umeme uliovuja. Hiyo ndiyo aliyoieleza ndugu yetu Kaskazi, na katika hiyo maneno yake ni sahihi. Kuna erthi ambayo ni sehemu ya antena yenyewe: waya wa Beverage ni nusu moja ya njia, nusu ya pili ni ardhi iliyo chini yake, na rezista iliyo mwishoni haiwezi kufanya kazi kama haina mahali pa kumimina mkondo wake. Halafu kuna wavu wa nje wa kebo, ambao watu wengi wanaudhania kuwa ni erthi kwa sababu tu unaonekana hivyo kwenye mita, lakini kwa mawimbi ya redio wavu huo ni waya mrefu uliolala nje ukichukua kila kelele inayopita, zikiwemo kelele za nyumbani mwako.

Wewe umevifunga vitu hivyo vitatu kwenye ubao mmoja. Kelele inayotoka kwenye chaja, taa na televisheni inatembea juu ya wavu wa kebo ya mita 60, inafika kwenye ubao, na kwa kuwa nondo yako imesimama juu ya jiwe kavu na haina uwezo wa kuimeza, inasambaa kwenye erthi za antena zote nne kwa wakati mmoja. Rilei ikichagua hii au ile, kelele ni ileile.

Usiniamini kwa maneno. Fanya majaribio matatu. La kwanza, nenda kwenye transfoma ya Beverage moja, ile inayounganisha waya na kebo, ukate waya wa antena na wa erthi yake, uweke mahali pao rezista ya ohm 470, kisha urudi usikilize. Redio inapaswa kuwa kimya kama iliyong'olewa kebo. La pili, kwenye kisanduku, toa kebo za antena zote na uweke rezista ya ohm 75 kwenye kila tundu. La tatu, zima umeme wa nyumba kwenye meni swichi, uendeshe redio kwa betri, na urudie mawili ya mwanzo. Andika namba, usitegemee kumbukumbu.

Jambo moja zaidi: transfoma zako zimefungwaje? Je, nyuzi za upande wa antena na za upande wa kebo zina mahali zinapogusana?

Mzee wa Malindi

Wanangu, mmenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa mtu wa redio melini, na melini erthi haina mjadala, chombo kizima ni chuma na chuma kimekaa ndani ya maji ya chumvi. Nilipostaafu na kujenga Mjini ndipo nilipojua kwamba nchi kavu ni chuo kingine.

Kuhusu majaribio ya Bi Wete ya kuzima umeme, sisi wa Unguja tulifanyiwa jaribio hilo bila kuliomba. Mei 2008 umeme ulipokatika kisiwa kizima kwa takriban mwezi mmoja, nilikaa na redio ya betri usiku mtaani ambako hapakuwa na jenereta, na kwenye 3.5 MHz nikasikia vituo ambavyo sikujua kwamba vinafika. Ulipokatika tena Desemba 2009 hadi Machi 2010 kila mtu alikuwa amejinunulia jenereta, na kelele ikawa mbaya kuliko ya umeme wenyewe.

Sasa, jiwe lako la Bwejuu usilitukane. Waya wa Harold Beverage, aliyeupatia hati miliki mwaka 1921, unaishi kwa ubaya wa ardhi. Wimbi likipita juu ya ardhi isiyopitisha umeme vizuri, sehemu yake ya chini inachelewa kidogo, uso wake unainama mbele, na huko kuinama ndiko kunakosukuma mkondo kwenye waya uliolazwa. Juu ya maji ya chumvi wimbi linasimama wima, na waya huo huwa karibu hausikii kitu. Desemba mwaka huohuo wa 1921 Paul Godley, aliyetumwa Uskochi kutoka Marekani, alitandaza waya wa aina hii huko Ardrossan, akakaa ndani ya hema kwenye baridi na kuwasikia warushaji wa ridhaa wa kwao ng'ambo ya Atlantiki. Ungeutandaza waya huo juu ya pwani wakati maji yamejaa, usingepata kitu. Juu ya maweni uko mahali pake.

Ila nondo ndani ya maweni ni kazi ya bure. Kata nyaya nne au tano za mita saba au nane, uzilaze chini kama vidole kuzunguka kila mwisho wa Beverage, uzifunike kwa vifusi ili mbuzi wasizikokote. Antena ya kupokelea haihitaji erthi nzuri kama ya kurushia, inahitaji erthi isiyobadilikabadilika.

Msikilizaji wa Bwejuu

Shukrani nyingi, Mzee wangu, na wewe Bi Wete. Nimeyafanya majaribio jana baada ya Isha, kwenye 1.83 MHz.

Nikiwa na umeme na antena kamili ya nyuzi 320, kelele ilisoma S7 kwenye sindano ya redio inayopima nguvu ya mawimbi. Nikakata waya wa antena na wa erthi yake, nikaweka rezista ya ohm 470. Kelele ikashuka hadi S6 na haikushuka tena. Nikatoa kebo zote nne kwenye kisanduku na kuweka rezista za ohm 75, ikawa S5. Nikazima meni swichi na kutumia betri, nikiwa bado na rezista. Sindano ikalala chini kabisa. Nikaunganisha antena upya huku umeme umezimwa, ikasoma S4, na kwa mara ya kwanza nikasikia tofauti ya wazi kati ya nyuzi 320 na 55.

Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa nikisikiliza nyumba yangu mwenyewe. Kuhusu transfoma, ndiyo, nimezifunga kwa uzi mmoja uliotolewa tawi katikati, na upande wa chini wa uzi huo, erthi ya antena na wavu wa kebo vyote ni nukta moja.

Binti Wete

Namba zako zinajieleza, Maalim. Transfoma ya uzi mmoja wenye tawi inabadilisha ukinzani vizuri, lakini inaacha mlango wazi kati ya wavu na erthi ya antena. Zifungue, uzifunge upya kwa nyuzi mbili zisizogusana kabisa. Kipande kidogo cha feraiti (kiini cha sumaku cha kuzungushia nyuzi) cha aina ya 73 chenye matundu mawili kinatosha. Watu wamezoea kusema tisa kwa moja, lakini hiyo ni hesabu ya kebo ya ohm 50. Wewe una kebo ya dishi ya ohm 75, na waya wako una ohm 450 hivi, kwa hiyo unataka uwiano wa sita kwa moja: mizunguko miwili upande wa kebo na mitano upande wa antena, ambayo inakupa 6.25. Wavu wa kebo uishie kwenye uzi wake wa upande wa kebo, usikutane na erthi ya antena popote hapo nje.

Baada ya hapo, weka choki kwenye kebo kuu, yaani kebo iliyozungushwa kwenye feraiti ili kelele isipite juu ya wavu, moja karibu na kisanduku na nyingine karibu na nyumba, lakini upande wa nje wa mahali unapotia erthi ya radi. Pete kubwa ya feraiti aina ya 31, mizunguko kumi na miwili hadi kumi na minne. RG-6 ni ngumu na ukiikunja kwa nguvu inaumia ndani, hivyo katika kipande hicho tumia kebo nyembamba ya ohm 75.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza, ambalo sote tulilikimbia. Rilei iliyofunguka si ukuta kamili; kati ya vijiti vyake viwili pana kapasita ndogo. Tuseme ni pikofaradi moja. Kwenye 1.8 MHz hiyo ni sawa na ukinzani wa takriban ohm 88,000, na katika mfumo wa ohm 75 uvujaji wake ni desibeli 55 chini. Kwenye 7 MHz unakuwa karibu desibeli 44 chini. Rilei kubwa inaweza kuwa na mara tano ya hapo, na hata hivyo ungebaki na zaidi ya desibeli 40 kwenye 1.8. Wewe ulikuwa unaona desibeli tatu tu za tofauti. Hakuna kijiti cha rilei kinachoweza kuvuja kiasi hicho, na ndiyo maana tangu mwanzo sikuilaumu swichi.

Lakini katika kuichagua antena, neno "kuipeleka erthi" lina mtego. Ukiifunga kebo kwa wavu wake pale kwenye kisanduku, umefunga mwisho mmoja tu wa kebo. Robo ya wimbi la 7 MHz ndani ya kebo ya dishi ni kiasi cha mita tisa, kwa kuwa wimbi linatembea humo kwa asilimia 83 hivi ya mwendo wake wa hewani. Kama kebo ya kufikia antena ina mita tisa, ile antena uliyodhani umeifunga inaona mwisho ulio wazi, na kwenye 3.5 MHz inaona kitu kingine kabisa. Kwa Beverage ambazo ziko karibu au zinakatizana, mimi nafunga kila isiyotumika kwa rezista ya ohm 75, kwa sababu rezista inabaki kuwa rezista kwenye masafa yote na urefu wowote wa kebo, na antena inakaa ikimeza ilichopokea bila kukirudisha hewani kumharibia jirani yake.

Kwa vitanzi vya K9AY ni kinyume. Kitanzi kisichotumika kiachwe kimefunguka pande zote mbili palepale chini ya nguzo, kisiungwe na rezista wala erthi, maana kikifungwa kinakuwa mzunguko kamili unaobeba mkondo sentimita chache tu kutoka kwa mwenzake.

Kaskazi Arubaini

Bi Wete, nimekuelewa na nakiri kwamba ushauri wangu wa nondo ungempotezea Maalim siku nzima. Hata hivyo bado nina wasiwasi. Mnatenganisha erthi, mnaweka transfoma zisizogusana, waya wa mita 160 unaelea hewani, na masika yaja. Radi ikipiga Paje, waya huo utakuwa na volti ngapi? Na upepo mkavu wa kaskazi peke yake unajaza umeme tuli kwenye waya mrefu.

Mzee wa Malindi

Swali la haki. Umeme tuli hautakusumbua, kwa sababu waya wa Beverage hauelei kama unavyodhani: upande mmoja umeshuka ardhini kupitia uzi wa transfoma, upande wa pili kupitia rezista, na umeme tuli unateremka huko polepole bila kumdhuru mtu. Kinachoelea ni wavu wa kebo, na wavu huo unatiwa erthi mahali pamoja, pale unapoingilia nyumba. Hapo weka bamba la shaba au la alumini, kebo zote zipite juu yake, vizuizi vya gesi vya volti 90 kwenye kila mshipa wa katikati, na bamba liungwe kwa njia fupi na nondo ambayo imeungwa na erthi ya umeme wa nyumba. Usiwe na erthi mbili ndani ya nyumba moja zisizojuana, maana radi ikipiga karibu moja itapanda maelfu ya volti kuliko nyingine, na wewe ndiye utakayekuwa daraja lao.

Hapo ubao mmoja wa Kaskazi ni lazima, ila mahali pake ni mlangoni mwa nyumba na si chini ya mvinje. Na mawingu yakipanda, ng'oa kebo uitupe nje. Kizuizi cha gesi si hirizi.

Fundi wa Darajani

Nimeusoma uzi wote nikiwa kimya, lakini sijaona aliyegusa rilei za gari.

Maalim, rilei ya gari imetengenezwa kukata mkondo wa amperi thelathini. Vijiti vyake hujisafisha kwa cheche ndogo inayotokea kila inapofunguka. Mawimbi yanayotoka kwenye antena ya kupokelea hayana nguvu ya kuchoma hata ukungu, na katika hewa ya Bwejuu yenye chumvi ukungu utajikusanya juu ya vijiti ndani ya miezi michache. Utaona antena inapotea, ukigonga kisanduku inarudi. Tafuta rilei ndogo za mawimbi, zilizozibwa, zenye vijiti vilivyopakwa dhahabu, za njia mbili. Mimi hupata nyingi kutoka kwenye mitambo mibovu ya simu za ofisini ambayo watu wanaitupa. Njia ya kwanza ichague antena, ya pili itie rezista ya Bi Wete kwenye ile iliyoachwa. Kila koili iwe na diodi yake ya kuzuia teke la volti.

Volti 12 za rilei unazipeleka kwa njia gani? Kama unazipitisha ndani ya kebo ileile ya antena, hakikisha hakuna unyevu unaoingia kwenye viungo, maana umeme wa betri ukikutana na maji ya chumvi unaila shaba haraka ajabu, na utakuta unga wa kijani mahali palipokuwa na mshipa. Mimi hupaka grisi ya silikoni ndani ya kiungo na kuzungushia mpira wa kujinata juu yake.

Na usisahau antena yako ya kurushia. Ukirusha wati mia karibu na vitanzi vile, kuna volti zinazoingia. Weka rilei moja ya mwisho karibu na redio, iifunge njia ya kupokelea kwenye wavu kabla nguvu haijatoka na iifungue baada ya nguvu kukoma, na diodi mbili zilizogeuziana mgongo nyuma yake kwa tahadhari.

Msikilizaji wa Bwejuu

Wiki tatu zimepita na nina habari.

Nilifunga upya transfoma zote kama alivyoelekeza Bi Wete, nikaondoa ule ubao wa pamoja, nikaweka choki mbili kwenye kebo kuu, na rilei za gari nimezirudisha zinakostahili kuwa. Nikasikiliza kwa shauku. Kelele ilishuka kutoka S7 hadi S6. Nusu ya usiku nilikaa nikijilaumu kwa kuwasumbua watu wazima.

Kulipokucha nikauona msiba wangu. Volti za rilei nazipeleka kwa kebo ya mtandao, ile ya nyaya nane, ambayo nimeifunga sambamba na kebo kuu kwa vibano vya plastiki tangu nyumbani hadi mvinjeni. Waya hasi wa kebo hiyo nilikuwa nimeuunga na wavu ndani ya kisanduku. Choki zilikuwa zimefunga mlango, na kelele ilikuwa inapita dirishani. Nikaitenga hasi isiguse wavu, nikaizungusha kebo ya mtandao mizunguko kumi na miwili kwenye pete yake yenyewe, kisha nikarudia jaribio la rezista ya ohm 470. Redio ikawa kimya, nikadhani nimeing'oa kebo.

Sasa kelele ya usiku kwenye nyuzi 320 ni S3 hadi S4, umeme ukiwa unawaka, na vituo vya Ulaya vinashuka desibeli 14 hivi nikigeukia nyuzi 55. Nimejaribu pia kuifunga kwa wavu Beverage isiyotumika badala ya rezista; kwenye 1.83 MHz sikuona tofauti ya kuitaja, lakini kwenye 7 MHz upande kiziwi ulipungua kina kwa desibeli tano au sita. Kebo yangu ya nyuzi 55 ina mita 17, ambazo ni karibu na nusu ya wimbi la 7 MHz mle ndani, hivyo nadhani antena ilikuwa inaona ule ufungaji waziwazi na kurudisha kila ilichopokea.

Jambo ambalo sikulitarajia ni radi za Kongo. Bonde lile lina radi nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na kutoka huku liko nyuzi 290 hivi. Nikigeukia Japani mtutumo wote unabaki nyuma yangu na masafa yanakuwa kama usiku wa shamba. Lakini waya wa nyuzi 320 ndio ninaoutumia kwa Ulaya, iliyo nyuzi 335, na kwa Marekani, iliyo nyuzi 311. Huko mtutumo umesimama karibu mbele ya macho, na hapo hakuna erthi wala rilei itakayonisaidia.

Vitanzi vya K9AY ndivyo vilivyobaki na ukaidi. Siku nyingine upande wa nyuma unakuwa kiziwi kwa desibeli 20, siku nyingine hauzidi nane, nami sijagusa kitu.

Mzee wa Malindi

Hizo siku mbovu ziandike pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo. Nguzo yako iko umbali gani kutoka ufukweni?

Msikilizaji wa Bwejuu

Mita 120, Mzee wangu. Ndiyo iliyo karibu zaidi na bahari kuliko zote. Nimetazama daftari: usiku mbaya wa kwanza ulikuwa wa mwezi kumi na tano, wa pili ulikuwa siku mbili baada ya mwezi kuandama.

Mzee wa Malindi

Bamvua zote mbili. Jiwe la matumbawe lina matundu kama sifongo, maji ya bahari yanapanda ndani yake yakijaa na kushuka yakipwa, visima vya huko kwenu vinalijua hilo. Kitanzi cha K9AY kinaegemea erthi ya katikati kwa pande zote mbili, penye mlisho na penye rezista, hivyo erthi ikibadilika, rezista uliyoipima wakati wa maji mafu haifai tena.

Binti Wete

Nakubaliana na Mzee, na kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulaza nyaya nane za mita nane chini ya nguzo, kwa ulinganifu wa pande zote, ili kitanzi kione nyaya zako badala ya kuona jiwe. Ya pili ni kuachana na erthi kabisa: fanya kitanzi cha bendera, mstatili wa mita nne na robo kwa karibu mita tisa, ulioinuliwa juu ya ardhi, rezista ya kiasi cha ohm 900 katikati ya upande mmoja wa wima na transfoma katikati ya upande unaouelekea. Hicho hakihitaji nondo wala nyaya za chini. Mawimbi yake ni dhaifu zaidi, kwa hiyo utahitaji kikuza mawimbi kidogo mbele ya redio, na uangalie kisizidiwe na kituo cha utangazaji cha karibu.

Anza na nyaya, ni rahisi zaidi. Ila weka rezista ya kurekebishika kwa muda, ohm 200 hadi 1,000, uipime maji yakiwa yamejaa bamvua na uipime tena siku saba baadaye, kwa kituo kilekile na saa ileile ya usiku.

Msikilizaji wa Bwejuu

Bamvua ijayo ni Alkhamisi. Nyaya ninazo, rezista ya kurekebishika Fundi wa Darajani ameniahidi. Nitaweka namba zote mbili hapa baada ya maji mafu.

Fundi wa Darajani

Iko tayari, Maalim. Nimeihifadhi ndani ya kopo la maziwa pamoja na rilei nne za akiba. Mtume kijana yeyote anayekuja Mjini kwa daladala ya asubuhi.